Mshambuliaji Aliyekaa Benchi Siku ya Marudiano

Siku niliyokabidhi koti na funguo za chumba cha majeruhi, Tabibu Adhiambo, ambaye amechukua nafasi yangu, aliniambia, "Mama, tafadhali usituandikie hotuba. Tuandikie ile ya mpira." Basi nawaandikia ile ya mpira. Habari za vyeo vyangu ziko kwenye faili huko wizarani, na mkikosa usingizi mtaenda kuzisoma.

Niseme mapema kwamba mimi si shabiki wa kufa na kupona. Matokeo ya michezo nimeyasikiliza maisha yangu yote kama watu wanavyosikiliza utabiri wa hali ya hewa, nijue tu kesho itakuwaje. Timu fulani ikifungwa Jumamosi, nilijua nani ataletwa kwetu akiwa amepasuka mdomo jioni, na nani hataonekana kazini Jumatatu. Zaidi ya hapo sikuhitaji. Lakini kazi ilinipeleka uwanjani, na uwanjani ndiko nilikopata mgonjwa aliyenisumbua kuliko wote niliowahi kuwatibu wodini.

Nilifika hospitali ya Homa Bay mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimetoka chuoni na viatu vinavyobana. Nimezaliwa Magunga, upande wa Mbita, na nimeolewa Rongo. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule kwao, mimi nikikaa nyumba za wafanyakazi hapa Homa Bay, tukionana wikendi. Kwa wakwe zangu sikuwa na jina lingine ila Nyar Magunga, binti wa Magunga. Lishikeni hilo la kuzaliwa huku na kuolewa kule, kwa sababu watu walilishika kuliko mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odongo, tabibu mkuu wetu, mtu wa maneno machache na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Jumamosi yangu ya kwanza alinipa mkoba wa turubai na kuniambia, "Leo unaenda uwanjani."

"Kufanya nini, Mzee?"

"Kukaa. Na mtu akianguka, kusimama."

Yeye mwenyewe alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi mpaka goti likamkatalia. Ndani ya mkoba mlikuwa na bendeji, plasta, mkasi, tochi, na vipande vya katoni ngumu vya kufungia mfupa uliovunjika. Kulikuwa pia na ndoo na sponji. Wachezaji waliyaamini maji ya ndoo ile kuliko dawa yoyote ya hospitali, nami sikuona sababu ya kuwaharibia imani. Barafu tuliomba kwa wafanyabiashara wa samaki pale gatini. Kwa hiyo kila kifundo cha mguu nilichokitibu miaka ile kilinuka samaki wa mbuta, na paka wa Homa Bay waliwajua wachezaji waliojeruhiwa kabla ya makocha.

Mechi ile ya kwanza, beki mmoja alianguka nami nikachomoka mbio kama niliyefukuzwa. Mzee Odongo, aliyekuwa ameketi nyuma yangu, aliita, "Tembea!" Nilidhani ananionea haya kwa sababu ya sketi. Baadaye alinieleza. Ukikimbia, uwanja mzima unaamini mtu amekufa. Ukitembea haraka bila kukimbia, unapata nafasi ya kumwangalia kabla hujamfikia, anashika wapi, anapumua vipi, mkono gani hautumii. Mpaka leo nikimwona kijana wa kwetu akikimbia korido nzima na bomba la sindano mkononi, namsikia Mzee.

Jambo la pili alilonifundisha ni la kichwa. "Mguu ukiumia, mwenyewe anakwambia," alisema. "Kichwa kikiumia, mwenyewe anakwambia yuko sawa. Kwa hivyo usimuulize yuko aje. Muulize tuko wapi, tunacheza na nani, nani amefunga."

Wodini habari za michezo hazikukosekana. Wodi ya wanaume ilikuwa na redio moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na gazeti lilifika mchana likiwa limeshasomwa na kila mtu njiani. Ulipotokea mpambano wa marudiano wa mabondia wa uzani wa juu huko ng'ambo, wodi ilikaa siku kadhaa ikibishana. Palikuwa na mzee mmoja muuza ng'ombe kutoka upande wa Kuria, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Yeye alishikilia kwamba marudiano ni haki ya kila aliyeshindwa, kwa sababu huenda siku ya kwanza alikuwa na homa.

"Na akishindwa tena?" nilimuuliza nikimpima joto.

"Basi alikuwa na homa mara mbili, daktari."

Mpambano ule ulipoisha kwa aibu ambayo sina haja ya kuirudia, mzee alidai mabondia wapigane mara ya tatu. Mawazo yangu mimi, mtazamaji wa kando, yalikuwa tofauti, na bado ni yale yale. Marudiano hayamalizi ugomvi wa mara ya kwanza. Watu wanarudi na maumivu ya ule mchezo, hasira ya ule mchezo, na wiki nzima ya kuchochewa na wasiocheza. Hao wasiocheza ndio wanaoyataka zaidi. Hayo nilikuwa nayasema kwa mzaha tu, mpaka mwaka ule ule mvua za Elnino zilipofika.

Mwaka huo fainali ya kombe la eneo letu ilikutanisha Ngege ya Mbita na Radi ya Rongo. Ngege walikuwa wavuvi watupu, wenye mabega mapana, na mshambuliaji wao aliitwa Ochieng', kijana mrefu wa miaka ishirini na mitatu aliyeruka kuliko mabeki wote wa pande hizi. Kocha wao, Mwalimu Nyambok, alifundisha hesabu shule ya upili na kuendesha timu kwa hiari yake. Nilimheshimu. Hakuwa mtu wa kelele.

Fainali ilichezwa Homa Bay. Ochieng' alifunga kipindi cha kwanza, Radi wakasawazisha. Kipindi cha pili mbingu zilikuwa zimeshaanza kunguruma juu ya ziwa, ndipo ukapigwa mpira wa juu. Ochieng' aliruka, kipa wa Radi naye akatoka akiruka, goti mbele. Goti lilimpata Ochieng' juu ya sikio. Alianguka kama gunia, mikono haikujikinga hata kidogo, na akalala pale muda wa kutosha uwanja wote kunyamaza.

Nilitembea. Nilipomfikia alikuwa anapumua vizuri, macho yamefumba. Nilishikilia shingo yake isigeuke, nikamwita jina. Alifumbua macho akataka kusimama papo hapo.

"Tuko wapi?" nilimuuliza.

"Homa Bay."

"Nani alifunga bao lenu?"

Alinitazama kama nimemuuliza kwa Kichina. "Sisi bado hatujafunga."

Nikamwambia Mwalimu Nyambok, aliyekuwa amefika mbio, kwamba huyu mtu harudi mchezoni. Hatukupata hata nafasi ya kubishana, kwa sababu mvua ilishuka kama iliyomwagwa kwa karai, mistari ikafutika, na mwamuzi akavunja mchezo. Kabla watu hawajakauka, wakubwa wa mashindano walitangaza kwamba fainali itarudiwa Jumamosi inayofuata, Migori mjini.

Nilitaka Ochieng' alale hospitali tumwangalie. Alikubali kwa mdomo. Nilipogeuka kumfunga kipa kidole, alikuwa ameshapanda lori la mashabiki kurudi Mbita.

Katikati ya wiki alikuja kliniki peke yake. Alikuwa amevaa kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, ingawa ndani mlikuwa na kiza. Alitaka dawa ya kichwa, "ile kali, si hii ya watoto."

"Kichwa kinauma saa ngapi?"

"Nikiinama kuvuta nyavu. Na jua likiwa kali. Kidogo tu."

"Umetapika?"

"Mara mbili. Lakini hiyo ni samaki, daktari. Nilikula samaki wa jana."

"Mvuvi wa Mbita ametapishwa na samaki?"

Alicheka kidogo, kisha akashika kichwa kwa sababu kicheko kilimuumiza. Nilimmulika macho kwa tochi, nikampima nguvu za mikono, nikamtembeza kwenye mstari wa saruji. Aliyumba, akajishikilia kwenye kabati, akasema sakafu imeteleza. Siku zile mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa ilikuwa habari ya Nairobi. Tulikuwa na tochi, maswali, na akili zetu. Nilimweleza bila kuzunguka kwamba ubongo wake umetikiswa na bado haujatulia, na kwamba pigo la pili kabla haujapona linaweza kumuua au kumwacha asiweze kujilisha. Asicheze Jumamosi. Asicheze mpaka mimi niseme.

Alivua kofia akaikunja mkononi. "Daktari, unajua nani wanakuja Migori? Watu wa klabu ya Nairobi. Wanakuja kwa ajili yangu. Mwalimu mwenyewe amewaita."

"Watakuja tena."

"Kuja tena wapi? Mwaka ujao nitakuwa na miaka ishirini na minne. Wataniambia mimi mzee." Kisha akasema lile lililokuwa limemkaa moyoni. "Na wewe umeolewa Rongo."

Nilimpa paracetamol za kawaida na kumwambia siku ya kurudi, naye akatoka bila kuniaga.

Kufikia Ijumaa jambo hilo lilikuwa limefika sokoni. Mashabiki wa Ngege walisema mke wa Rongo amemfunga Ochieng' kwa kalamu kwa vile mabeki wa Rongo wameshindwa kumfunga kwa miguu. Niliumia, lakini hilo nilikuwa nimelitarajia. Kilichonitoa machozi ni shemeji yangu Okoth, mdogo wa mume wangu, aliyesafiri kutoka Rongo na jogoo mwekundu kwapani, akanikuta nje ya wodi ya wazazi.

"Nyar Magunga!" alisema akitabasamu masikio kwa masikio. "Nyumbani wote wanakusalimu. Adier, kweli umetusaidia."

"Shemeji, nimemsaidia nani?"

"Wacha mchezo. Si umemweka chini yule kijana? Wazee wamesema huyu jogoo ni wako."

"Yule kijana ni mgonjwa, Okoth. Angekuwa wa Radi ningemweka chini vile vile."

"Ndiyo, ndiyo," alisema akinikonyeza. "Hivyo ndivyo utasema."

Nilimwambia aondoke na jogoo wake. Aliondoka, lakini jogoo alimwacha kwa mlinzi wa geti, naye akawika uani mpaka wagonjwa wakalalamika. Baadaye hakuwika tena. Walinzi siku ile walionekana wenye afya njema na mimi sikuuliza.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Odongo. Nilimwomba atume mtu mwingine Migori, mtu asiye wa Magunga wala wa Rongo, ili watu wasipate la kusema.

Alikuwa anafunga kamba za viatu vyake. Hakuinua kichwa. "Huyo mwingine alimwona akianguka?"

"Hapana."

"Alimwona akiyumba chumbani mwako?"

"Hapana, Mzee."

"Basi akiambiwa kijana yuko sawa, atajibu nini?" Alimaliza kufunga, akasimama. "La kusema watalipata tu. Nenda."

Migori siku ile ilikuwa matope matupu. Uwanja ulimwagiwa maganda ya miwa na vumbi la mbao ili mtu aweze kusimama. Malori ya Mbita yalikuwa yameingia tangu asubuhi, na nilipopita upande wao na mkoba wangu walinizomea, "Mke wa Rongo! Mke wa Rongo!" Nilipofika upande wa pili, watu wa Rongo wakanishangilia kwa vigelegele. Sijui kelele zipi ziliniudhi zaidi. Niliketi kwenye benchi langu katikati, nikafungua mkoba na kuhesabu tena bendeji nilizokuwa nimeshazihesabu.

Ochieng' alikuwepo, amevaa jezi, ameketi mwisho wa benchi la Ngege. Mwalimu Nyambok alikuja kunisalimia kwa heshima. "Daktari, yeye ni wa akiba tu. Ameniambia amepona. Hata mchezo wote wa wiki iliyopita anaukumbuka."

"Mimi nimekwambia asicheze, Mwalimu."

"Nimesikia," alisema, na nikaona kwamba amesikia kwa masikio tu.

Radi walifunga mapema. Baada ya hapo Ngege walishambulia mchezo mzima bila mtu wa kumalizia, mipira ya juu ikipita mahali ambapo Ochieng' angekuwa. Wale wageni wa Nairobi walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki chini ya mwavuli, mmoja akiangalia saa. Upande wa Mbita walianza kuimba jina moja, polepole, wakipiga debe. O-chieng', O-chieng'. Kipindi cha pili kilipofika katikati, Mwalimu Nyambok alimwonyesha kwa kidole, na Ochieng' akasimama kuruka-ruka kandokando ya mstari. Kila aliporuka alifumba macho.

Nilitembea mpaka kwao. Mashabiki walipoona ninakokwenda walipiga kelele mpaka ilinibidi nimsogelee Mwalimu sikioni.

"Amekwambia anaukumbuka mchezo wote?"

"Ndiyo, daktari. Ameniapia."

"Basi usinisikilize mimi, mimi ni mke wa Rongo. Muulize wewe. Muulize bao lake alilifungaje."

Mwalimu alisita. Halafu akamwita. "Ochieng', omera, ndugu yangu. Lile bao la Homa Bay. Ulilifungaje?"

Wiki nzima kijana alikuwa ameambiwa na kila mtu kwamba amefunga. Hakuna aliyefikiria kumweleza alifungaje, maana nani humweleza mtu bao lake mwenyewe? Alitazama uwanja. Akatazama miguu yake.

"Kwa kushoto," alisema. "Nilipiga kwa kushoto, ikaingia chini."

Bao lile lilikuwa la kichwa, kutoka kona, na yeye Mwalimu ndiye aliyekuwa amekimbia mpaka kwenye kibendera kumkumbatia. Alimshika Ochieng' mabega, akamtazama usoni kwa karibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Ilikuwa kichwa, nyathina, mwanangu," alimwambia. "Keti."

"Mwalimu, nakuomba. Wale watu—"

"Keti chini."

Ochieng' aliketi akafunika uso kwa jezi. Nataka mwelewe, vijana, kwamba kitabibu kusahau bao hakukuwa jambo lililonitisha zaidi. Mtu anaweza kupona na asilikumbuke milele. Kilichonitisha ni kutapika na kuyumba na yale macho yanayofumba. Lakini Mwalimu hakuwa ameviona hivyo, yeye alikuwa ameegemea neno la kijana, na neno lilivunjika mbele yake. Kila mtu ana mahali pake pa kuonyeshwa jambo. Tumieni muda kupatafuta.

Ngege walifungwa moja bila. Wageni wa Nairobi waliondoka na kipa wa Radi, yule yule wa goti. Malori ya Mbita yalipopita nilirushiwa maganda ya miwa, na la kwanza lilimpata Mwalimu Nyambok, ambaye alikuwa amekuja kusimama karibu yangu bila kusema kwa nini.

Ochieng' aliumwa kichwa kwa miezi. Mwishowe kikaacha. Kwa muda huo wote hakurudi kliniki, habari zake nilizipata kwa Mwalimu. Siku moja nilipelekwa Mbita kutoa chanjo, nikakutana naye uso kwa uso ufukweni, akageuka akajifanya anakagua injini ya boti. Nilipita. Kwenye kazi nyingine fundi anaweza kurudi akatazama daraja alilolijenga. Sisi tukimzuia mtu asife, hakuna kitu cha kutazama. Huenda angecheza dakika zile zilizobaki, akafunga mawili, akaenda Nairobi, na asipatwe na lolote. Nimeliwaza hilo mara nyingi, na hata leo nikipewa uwanja ule na siku ile ningetembea vile vile mpaka kwa Mwalimu.

Mwaka uliofuata Mwalimu alimleta, nikampima kila kitu, akapita. Nilimruhusu acheze. Ilikuwa mechi ya ligi pale Mbita, haina kombe wala wageni wenye mwavuli, upepo wa ziwa ukipeperusha mashati. Kabla ya mapumziko aligongana na beki hewani, vichwa vikalia. Wote wawili wakasimama. Beki alirudi nafasi yake. Mwalimu aliita, "Uko sawa? Endelea!"

Ochieng' alisimama pale mikono kiunoni kwa muda. Kisha akatoka uwanjani polepole, akavuka mstari, akapita mbele ya benchi la wenzake, akaja kuketi kando yangu na kuanza kufungua kamba za viatu.

"Ochieng'!" Mwalimu alishangaa. "Vipi?"

"Leo hapana, Mwalimu," alisema. "Naona mipira miwili."

Mimi nilikuwa hata sijasimama. Nilichukua tochi mkobani, na yeye, kabla sijamwambia, akaacha viatu na kunigeuzia uso.